Taa ya tangi la Wafula

Leo nimefunga safari hadi Kitale kununua taa, na kumbe ile ya zamani haikuwa na shida.

Ni taa ya tangi la kioo la ndugu yangu Wafula, lile la maji ya chumvi chumbani kwake. Alikuwa anakata matumbawe vipande vidogo, anavibandika kwa vijiwe, vinakua. Ndiyo, vitu vya baharini, huku Webuye. Chekeni tu, hata sisi tulimcheka.

Tangu tumzike, vimekuwa vikigeuka vyeupe kimoja kimoja. Nikajua taa imechoka.

Jamaa wa kuuza samaki wa mapambo akanitolea tatu: nyeupe, ya bluu, na ya kuchanganya. Nikachagua ya bluu, ile kali. Akiifunga akauliza, "Kwani huwa mnazima saa ngapi?"

Si nikampigia mama, simu kwa spika.

"Kuzima?" mama akasema. "Wafula alisema bila taa vitakufa. Sijazima hata siku moja. Ati niache chumba chake giza?"

Yule jamaa akarudisha taa kwa boksi polepole. Akaniambia hata matumbawe hulala. Mwanga usiozimwa ndio unayamaliza.

Nimerudi na taa ndogo ya kawaida, nikaiweka kando ya kitanda cha Wafula.

Saa moja jioni mama ameiwasha hiyo kwanza. Kisha akashika swichi ya tangi, akaniuliza, "Kwani yeye alikuwa anazima saa ngapi, mbona sikuwahi kuona?"

Ungejibu nini?

Mimi nilimwambia, "Alikuwa anangoja ulale kwanza."