Siku Baba Alipokuja Shuleni

Juzi niliitwa shuleni na mwalimu wa binti yangu, hapa Makutano, Meru mjini. Si jambo kubwa. Mtoto anaongea sana darasani, na hiyo tabia hakuitoa mbali, maana hata mimi nikianza kuongea kuninyamazisha ni kazi. Lakini nilipoketi kwenye benchi nje ya ofisi, mwanamke mzima mwenye watoto watatu, nikajikuta nimekunja mikono kama mwanafunzi. Kengele ya chakula cha mchana ilipolia, jamani, nilisimama nikitaka kukimbia nyumbani. Keti kidogo nikueleze ni kwa nini.

Kwetu ni Kianjai, kule kwa mashamba ya miraa. Utoto wangu ulikuwa na sauti ya pikapu zikipiga honi alfajiri, dereva akienda mbio kama mtu anayefukuzwa, na ule ubaridi wa majani ya ndizi tuliyofungia miraa isikauke. Baba alikuwa mchumaji hodari. Alipanda mti kabla jua halijatoka, na watu walisema hakuna kijana wa kumfikia kwa wepesi wa mikono. Shida ya kazi hiyo ni kwamba inaisha mapema. Kufika saa tatu asubuhi pikapu zimeenda, na baba hana la kufanya ila kwenda kwa mama pima, mwanamke aliyeuza pombe ya chang'aa nyuma ya posho mili ya kusaga unga.

Mama alirudi kwao Embu nikiwa darasa la nne. Alisema amechoka kuolewa na chupa. Aliahidi atakuja kunichukua, na labda alikuja siku moja nikiwa shuleni, sijui, hakuna aliyeniambia. Nikabaki na baba, na mbuzi wawili, na jirani yetu muuza ndizi ambaye kila jioni aliniuliza kupitia ua kama nimekula.

Basi kila siku kengele ya mchana ikilia, wenzangu walipiga foleni ya githeri nami nikatoka mbio. Ilikuwa lazima nione kama baba amefika nyumbani, na kama amewasha moto akalala. Kuna siku aliteketeza nusu ya paa la jikoni. Mara nyingi nilimkuta amelala mlangoni, kofia usoni. Nilimpa maji, nikamkorogea uji wa wimbi, nikafunika makaa kwa jivu, halafu nikaanza kutafuta mbuzi, maana akilewa alipenda kuwafungulia, eti nao wapate uhuru. Nikirudi darasani somo limefika katikati. Na somo la mchana lilikuwa hesabu. Mpaka leo zile hesabu za namba moja kukaa juu ya nyingine sizielewi. Binti yangu akiniletea namwambia amngoje baba yake.

Usidhani alikuwa akinipiga. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Kama angekuwa mkali ningemchukia nikamaliza. Lakini baba akiwa hajanywa alikuwa kimya siku nzima, hanitazami, kama mtu aliyekosana nami. Akinywa, aliimba nyimbo za kanisani, akanisifu kwa wapita njia, akasema huyu wangu atakuwa daktari wa kuwatibu nyote. Kisha analia. Mimi nilitaka aache pombe, na nilitaka pia anisifu, na hayo mawili hayakuwahi kukaa pamoja. Haki ya Mungu, nilikuwa na miaka kumi na mitatu na sikujua niombe nini kwa Mungu.

Mwalimu wa hesabu ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa darasa. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mambo yaliyonyooka. Alivumilia kuchelewa kwangu muhula mzima, kisha Ijumaa moja akanisimamisha mbele ya darasa la saba lote.

"Jumanne kuja na mzazi. Usipokuja naye, unarudi darasa la sita ukakae na watoto."

Darasa la sita! Katika umri ule, afadhali ungeniambia nihamie msituni. Nilijua nikirudishwa sitasoma tena, nitaishia kufunga miraa kama wasichana wengine wawili wa rika langu. Na kumleta baba je? Nilikuwa nimemwona mzazi mmoja akija amelewa, akatapika kando ya mlingoti wa bendera, na mwanawe akabandikwa jina ambalo sitalirudia hapa. Basi sikumwambia baba neno. Nilienda kwa jirani nikamwomba awe shangazi yangu kwa asubuhi moja.

Aliweka ndizi zake chini, akanitazama. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema. "Nitakuja, mtoto wangu. Lakini tuseme baba yako yuko wapi?"

Tukasema yuko Isiolo, kwa kazi.

Jumanne jirani alikuja na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Akadanganya vizuri mno, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kumwonea huruma huyo baba wa Isiolo. Mwalimu akatikisa kichwa, akalainika, akasema kama hali ni hiyo nitabaki darasani, ila nijitahidi. Alikuwa akiandika jina langu daftarini mlango ulipobishwa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yetu haikumaliza hata dakika kumi. Alikuwa baba. Amevaa shati jeupe la harusi za watu, amenyoa ndevu, viatu vimepakwa mafuta ya kupikia vikang'aa. Nilinusa, ndiyo, nilinusa kwa sababu nilikuwa nimezoea kunusa. Hakukuwa na pombe. Alisimama wima kabisa.

"Muga, mwalimu," akasalimu kwa Kimeru. "Nimesikia naitwa."

Nani alimwambia? Sijui hadi leo. Mwalimu alimtazama, akamtazama jirani, kisha akanigeukia mimi.

"Huyu ni nani? Unamjua?"

Jirani akainamisha macho. Nilijua nikisema ndiyo, uongo wetu umekufa, na mimi niko darasa la sita. Baba naye alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza ananitazama akiwa hajanywa.

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Simjui."

Hakushtuka, au labda alishtuka nisione. Alivua kofia. "Pole, mwalimu. Nimepotea shule. Wangu anasoma ile ya huko juu." Akamwinamia jirani kwa heshima kama mgeni, akatoka, akavuta mlango polepole usigonge.

Mwalimu alicheka. "Mnaona walevi wetu hawa? Huyu hata shule ya mtoto wake haijui!"

Nikabaki darasa la saba. Mchana ule sikukimbia nyumbani, niliogopa. Nilipofika jioni nilimkuta jikoni akimenya ndizi, bado na lile shati, mikono imekunjwa vizuri. Aliniuliza kama nimekubaliwa. Nikasema ndiyo. Akasema, "Ulifanya vizuri," kisha akaendelea kumenya. Tulikula, na kilikuwa chakula kitamu, sijui niseme nini zaidi. Alikaa siku tatu bila kunywa. Ya nne alirudi kwa mama pima, na shati lile sikuliona tena.

Baba alishafariki. Mama pima aliokoka akahama, posho mili imekuwa duka la simu, na shamba letu ndugu zake waligawana, miti aliyoipanda ikakatwa. Jirani angali hai, lakini nikimuuliza habari ya Jumanne ile hujifanya hakumbuki. Huenda baba angerudia pombe hata kama ningesema ndiyo. Huenda asingerudia. Nimegeuza jambo hilo miaka yote hii na bado sijui nilijiokoa au nilifanya nini. Ninachojua ni kwamba baba yangu alikuja shuleni kwangu mara moja tu maishani mwake, hajanywa tone, ana neno la kumwambia mwalimu, nami sikumpa nafasi ya kulisema.