Kesi Yangu na Baba

Wakati wetu, nyinyi mnaozaliwa na simu mkononi, runinga ilikuwa moja kwa mtaa mzima, haina rangi, na inakula betri ya gari. Ukikohoa, unatolewa nje!

Jumapili moja baada ya kanisa ikaonyeshwa filamu ya zamani ya kesi, iliyotokana na mchezo wa jukwaani. Hakuna hata ngumi moja humo. Ni wazungu tu wamefungiwa mahakamani, wakibishana kama kijana fulani alimtilia shangazi yake sumu kwenye chai. Baba alikuwa mkalimani wa mahakama pale wilayani, basi akatutafsiria kila neno, sauti ya hakimu nzito, ya shahidi ya kulialia. Mahindi ya kuchoma yakapoa mikononi. Hakimu akafungua karatasi asome hukumu, pap! Runinga ikazima. "Betri," akasema Baba.

Likizo ile yote tuliendesha kesi uani. Baba hakimu, sweta la Mama kichwani kama wigi la mahakamani. Mimi wakili wa mshtakiwa. Dada yangu Mumbua upande wa mashtaka, na mdomo anao. "Mahakama haitaki kelele, inataka ushahidi!" Baba alitukemea, huku anacheka.

Miaka mingi baadaye nilikuja Dubai, nikawa mlinzi wa jengo moja huku mtaa wa International City. Chumbani tulilala wanane, kila mtu na simu yake, masikio yamezibwa. Upweke gani huo, jameni! Kila Ijumaa nilinunua kadi nikampigia Baba. Tukishaulizana afya na mvua, maneno yanatuishia. Ndipo aseme, "Haya wakili, una ushahidi mpya?" Hapo tunabishana mpaka kadi inakatika katikati ya sentensi. Bila kesi ile, mimi na Baba hatukuwa na mazungumzo mengine.

Nami na ujinga wangu, Ijumaa moja nikaitafuta filamu kwenye simu, nikaitazama hadi mwisho. Nikampigia mbio.

"Baba! Nimeona hukumu! Kumbe yule kijana..."

"Naijua," akanikata. "Mchezo huo niliuona jukwaani Nairobi kabla hujazaliwa. Unadhani betri iliisha? Ni mimi niliyechomoa waya."

Nikacheka sana. Yeye hakucheka.

"Sasa wakili," akasema polepole, "tutabishana nini?"



Vijana wa siku hizi wanamaliza filamu kumi wikendi moja, na Jumatatu hawakumbuki hata moja. Nawacheka, lakini nani anicheke mimi? Zamani tulishinda mchana kutwa uani tukimtetea mtu ambaye hajawahi kuishi. Sasa Ijumaa Baba ananiuliza kama nimekula, namwambia nimekula. Namuuliza mvua, anasema inanyesha. Tunaagana, na kadi inabaki na dakika zake.