Kahawa ya Bi Mahfoudha

Mke wangu, Mahfoudha binti Thani, aliwahi kuwa mjumbe wa Baraza la Shura, na mimi Majid ndimi niliyekuwa dereva wake. Ujira wangu ulikuwa kuambiwa niendeshe polepole. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa skuli ya wasichana huku kwetu Amerat, Omani, na alipochaguliwa mwaka 1997 wako waliotutazama kwa jicho la pembeni: mwanamke, tena Mzanzibari, Kiarabu chake bado kina lafudhi ya Malindi ya Unguja. Mimi nilijivuna, wala sikujificha.

Baraza lenyewe halikuwa na amri. Linauliza, linashauri, basi. Lakini Mahfoudha alikwenda kule na jambo moja kichwani. Skuli yetu iliishia darasa la tisa. Aliyetaka kuendelea ilibidi avuke milima kila siku mpaka mjini, na wazee wengi hawakuitaka safari hiyo kwa binti zao. Kila mwaka mke wangu aliwaona wanafunzi wake hodari wakirudi jikoni, na kila mwaka hasira zilimnyima raha. Akauliza swali lake barazani, akaliuliza tena, mpaka wenzake wakamzoea. Mwishowe wizara ikajibu: vyumba vitajengwa, ikipatikana ardhi kando ya skuli.

Ardhi hiyo ilikuwa ya Sheikh Ghanim, na hapo ndipo alipofugia ngamia wake. Mzee huyo alikuwa mgumu kama nini, hata ndugu yake mwenyewe alipoiomba ardhi hiyo alimnyima. Mjukuu wake, Shurooq, alikuwa darasa la tisa kwa Mahfoudha.

Sheikh aliporudi hija tukaenda kumsalimia. Garini nikamwonya mke wangu, ambaye mimi humwita kwa jina la mwanetu.

"Leo salamu tu, mama Azzam. Ukimtajia ardhi leo, umeharibu."

"Nnajua. Kwani mimi mtoto?"

Sabla ya Sheikh, yaani chumba chake cha wageni, ilijaa wanaume. Mahfoudha akakaribishwa kwa heshima ya cheo chake, akapewa kahawa. Sasa, mke wangu ni mtu wa chai ya maziwa. Kahawa chungu haimpandi kabisa. Akaionja kidogo kwa ncha ya midomo, akakiweka kikombe chini mbele yake, huku akitabasamu.

Chumba kizima kikamgeukia. Mimi nikaanza kutoka jasho, kwa kuwa nilijua. Mgeni akiweka kikombe chini bila kunywa, ana haja, na hanywi mpaka akubaliwe. Wanaume hufanya hivyo wakienda kuposa au kuomba suluhu. Mahfoudha huko kwa wanawake hakuwahi kuyaona.

"Sema haja yako, binti Thani," akasema Sheikh.

Mke wangu akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Nimefanya nini?"

"Umeomba. Hunywi mpaka akupe. Kinywe upesi yaishe, au sema."

Nilimwomba Mungu anywe. Wangecheka, tungerudi nyumbani salama. Mahfoudha akakitazama kikombe, kisha akaikunja mikono mapajani.

"Naomba zizi la ngamia," akasema kwa Kiarabu chake kile kile. "Nataka Shurooq aendelee kusoma hapa hapa, wewe ukimwona akienda na akirudi."

Nikaanza kuangalia viatu vyangu viko wapi. Kisha Sheikh akasema, "Kunywa. Ngamia watapata pengine."

Akanywa yote, uso umemkunjika, na sabla nzima ikacheka. Mimi nilicheka wa mwisho.

Vyumba vikajengwa. Lakini mwaka 2003, kura zilipofunguliwa kwa watu wazima wote, Mahfoudha alishindwa vibaya. Alilia garini njia nzima. Tangu siku ile akawa mtu wa ndani, harusi haendi, na husema watu wamekwisha kumsahau. Mimi niliwanunia Amerat nzima, hata muuza mkate.

Alasiri moja ya mwaka 2006 akaja Shurooq, sasa mwalimu katika vyumba vile vile. Mahfoudha akamtilia kahawa ya kwetu, yenye sukari. Msichana akakiweka kikombe chini.

"Sukari imezidi?" akauliza mke wangu.

"Hapana, mwalimu."

Nikabana kicheko. "Mama Azzam, hebu kitazame hicho kikombe."

Akakitazama. Macho yakamjaa machozi.

"Sema haja yako, mwanangu."

"Wale uliowafundisha kabla yangu, waliobaki majumbani, wanataka kumaliza masomo. Jioni vyumba viko wazi. Wamenituma kwako, wanasema hawamtaki mwalimu mwengine."

Mahfoudha akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Kunywa," akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe baba Azzam, umekaa tu. Nani atanipeleka?"

Nikaenda kutafuta funguo za gari.