Chumvi Katika Picha ya Mfaransa

Naichukia picha ile hadi leo, ingawa haikunikosea kitu. Ilitundikwa ukutani ofisini kwa Bwana Shamba, Mzungu wa kilimo pale Garsen, ndani ya fremu ya mbao: ardhi nyeupe tupu, miti michache isiyo na jani, kibanda kimoja kwa mbali, na mbingu ya rangi ya jivu. Hakuna mtu. Hata kuku hakuna.

Baba alikuwa na shamba la mpunga Kilelengwani. Miaka ile ya hamsini, mto ulipopungua, maji ya bahari yalipanda yakaingia mashambani, na yalipokauka yaliacha weupe juu ya udongo. Misimu miwili hatukuvuna hata pishi moja. Akaamua kwenda Garsen kuomba kipande cha ardhi, na mimi nikafuatana naye kuwa mkalimani. Nilikuwa binti aliyetoka kumaliza mafunzo ya ualimu, nina viatu, nina Kiingereza, na kichwa kimenivimba.

Baba alipoingia aliiona picha kabla ya kumwona Mzungu. Akaisogelea, kofia mkononi, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kwa Kipokomo, kwa sauti ya mtu aliyefika matangani:

"Mpe pole, mwanangu. Kumbe na kwao chumvi imeingia."

Mimi theluji nilikuwa nimeisoma vitabuni. Nikacheka. Badala ya kueleza shida yetu, nikamweleza Bwana Shamba kwamba mzee huyu ameona chumvi. Naye akacheka mpaka akatoa leso. Akaanza kunisimulia habari za Mfaransa aliyeichora kwa chaki za rangi, na jinsi alivyoupenda ukimya wa majira ya baridi. Nikawa naitikia kila neno, nimefurahi mno kuongea na Mzungu kama mtu na mwenzake. Baba alitutazama akitabasamu, akidhani tunazungumzia shamba. Mara tarishi akaingia kusema kuna wafugaji wa Kiorma wanangoja nje, tukaagwa. Shamba sikulitaja hata kidogo.

Njiani baba akauliza, "Amesemaje?"

"Amesema atafikiri."

"Ni mtu mwema. Yaliyotupata anayajua."

Ningeweza kurudi. Kesho yake ningeweza, na wiki iliyofuata pia. Niliona haya, nikajidanganya kwamba nina kazi nyingi shuleni.

Kwetu mtu haombi ardhi milango miwili. Ukishapeleka maneno kwa mmoja, unangoja akupe au akunyime. Ukienda kwingine kabla ya jibu, umemtukana. Baada ya miezi mitatu hivi, mjomba wangu, kaka yake mama, alishuka kwa mtumbwi kutoka Kinakomba. Alikuwa na kipande kando ya mto, udongo mweusi, maji matamu.

"Shemeji, njoo ulime," akamwambia baba.

Mama akaacha mkeka aliokuwa akiusuka. Baba alimshika shemeji yake mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru sana, kisha akakataa.

"Nimeshaomba kwa Mzungu," akasema, "na bado hajanijibu. Muulize mwalimu hapa, ndiye aliyenisemea."

Wote wakanigeukia. Nikasema ni kweli.