Bukuru Niliyemtunga

Sauti ya kwanza kunishtua ilikuwa vigelegele. Vilitoka upande wa mabanda ya kupokelea wakimbizi, vikaja hadi mlangoni pangu, na kabla sijamwona mwenye kuvipiga nilikwisha kujua kwamba nimekosa, kwa kuwa asubuhi ile hapakuwa na mtoto yeyote aliyepatikana.

Ndugu msomaji, kosa ni langu, na sehemu yake mbaya zaidi si ya kompyuta.

Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Nilikuja Ngara, kwenye kituo kimoja upande wa Nyamiaga, kutengeneza mfumo wa wavuti wa kuwatafutia wazazi watoto waliopotezana nao njiani wakikimbia Burundi. Jina na umri vikilingana, mfumo humtumia mzazi ujumbe wa simu.

Mfumo kama huo huendeshwa kwa hali mbili. Hali ya majaribio hujijaza watu wa kubuni, ili mtengenezaji aujaribu bila kumdhuru mtu. Hali ya kazi huwajua watu wa kweli peke yao. Asubuhi ile ukurasa mmoja uligoma kufunguka. Nikauweka mfumo uleule, wenye wazazi wa kweli ndani yake, katika hali ya majaribio, kwa sababu hali hiyo huonyesha kosa waziwazi. Nikalirekebisha, nikaenda kunywa chai peke yangu kama kawaida. Sikuurudisha katika hali ya kazi.

Miongoni mwa watoto wangu wa kubuni alikuwamo Bukuru, miaka sita. Niliepuka kumwita Kulwa, maana kwetu Biharamulo kila mtaa una pacha wake, Kulwa na Doto. Bukuru nililisikia mara moja nikalidhani jina la nadra. Kumbe kwa Warundi ndilo jina la kila pacha wa kwanza, na mdogo wake huitwa Butoyi. Sikumuuliza mtu. Mahali alipo nikaandika: nyumba ya bluu nyuma ya soko, Biharamulo. Ni kwa mama yangu. Kituoni hakuna aliyejua. Sikuwa na mtu wa kumsimulia habari za kwetu.

Mwenye vigelegele alikuwa Mama Butoyi, aliyekuwa akija dirishani kwangu kila siku na binti yake Butoyi, kumuulizia pacha wake.

"Dada, mutoto ameonekana! Iko Biharamulo. Bukuru wangu."

"Ngoja kwanza, mama, nihakiki."

"Uhakiki nini? Si wewe umeniandikia?"

Dereva wetu alikuwa akipakia mizigo ya kupeleka Biharamulo. Akacheka. "Dada wa kompyuta, hongera kwa kujifungua. Mtoto wa miaka sita, uchungu haukukusumbua?" Watu wakacheka, mkuu wa kituo akanishika mkono mbele yao, akamwandikia Mama Butoyi kibali cha safari. Tangu nifike pale sikuwahi kuzungukwa na watu wanaonifurahia. Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu: si kweli. Nililipima, nikalitafutia sentensi ya kulibeba, na gari likaondoka naye.

Nikabadilisha hali ya mfumo. Nikamfuta Bukuru. Namba ya dereva nilikuwa nayo. Nikaandika ujumbe, nikaufuta, nikaandika mwingine ulio sahihi zaidi, nikaufuta nao. Nilijiuliza nani atalaumiwa, na kama neno "hitilafu" lingetosha. Wakati nikifikiri hivyo, mwanamke alikuwa njiani akikaribia mtoto asiyekuwapo.

Wewe unayetengeneza mifumo, tazama hali yake kabla hujainuka kitini, na watu wako wa kubuni wape majina ambayo hakuna mama duniani angeyaita. Lakini ukikosea, sema palepale, hata kwa sentensi mbovu. Mimi nilisubiri sentensi nzuri.

Jua lilipoanza kupinda nilimpigia mama yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona hukuniambia unaniletea wageni? Yupo hapa mama mmoja na binti yake, wanasema wametoka kituoni kwenu. Nimewapa chakula, mama mtu hataki kula. Anauliza mtoto amelala chumba gani. Mtoto gani, mwanangu?"

"Mpe simu, mama."

Nikasikia simu ikikabidhiwa, kisha pumzi ya mtu aliyejiandaa kusikia sauti ya mwanawe.

"Mama Butoyi," nikasema, "ni mimi, dada wa kompyuta. Huyo Bukuru nilimtunga mimi."