Mwito Uliokataliwa

Mimi ni mzaliwa wa Morogoro, na mdomo wangu hauna breki. Nilipoolewa huku Lupepo, asubuhi ya kwanza nilikutana na baba mkwe kwenye njia ya migombani, nikapaza sauti: "Shikamoo, baba!" Mzee akageuka, akajitosa kwenye migomba na jembe lake, asijibu kitu. Nililia. Nilijua amenikataa.

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza kwamba kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso wala hawaitani. Kila mmoja anamkwepa mwenzake kwa heshima. "Ukihitaji kitu kwake, niambie mimi." Nikaanza maswali. Je, nikimkuta barabarani? Je, akiumwa, nisimpe hata maji? Akachoka. "Mwanangu, yaliyokatazwa hutayamaliza. Shika haya machache unayoruhusiwa, mengine yote achana nayo." Nilinuna kweli kweli.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Nina chumba Tukuyu mjini, na wakulima kuanzia Kiwira mpaka Isongole hunitumia picha za majani yenye ugonjwa. Programu yangu huzifungua na kuzipanga, kisha bwana shamba anazitazama. Sasa, programu haigusi kitu yenyewe. Ikitaka kufungua faili, kutuma kitu mtandaoni au kuamsha programu nyingine, lazima iuite mfumo mkuu wa kompyuta uifanyie. Kila ombi la namna hiyo tunaliita mwito. Na picha ya mtu usiyemjua inaweza kubeba ubaya ndani, ikaiteka programu inayoifungua, ikaanza kuita kwa mdomo wa programu hiyo.

Nilikuwa nimeanza kukataza mwito mmoja mmoja, kazi haiishi. Ndipo maneno ya mama mkwe yakanirudia. Nikafuta makatazo yote. Nikairuhusu ile programu kusoma picha iliyokabidhiwa, kuandika jibu, kuomba nafasi ya kufanyia kazi, na kumaliza, basi. Ikiita kingine chochote, mfumo uiue papo hapo. Siku ya kwanza ilikufa kwa sababu tu imeuliza saa! Nikabwata peke yangu chumbani, kisha nikairuhusu na hilo.

Kwenye kompyuta hiyo hiyo kulikuwa na sauti ya baba mkwe. Mume wangu alimrekodi kwa simu kabla mzee hajafariki. Simu ikaibiwa stendi, ikabaki nakala yangu tu. Sikuwahi kuisikiliza. Niliona aibu, kana kwamba ningekuwa namkodolea macho.

Mwaka huu, mchana mmoja wa mvua, ikaja picha ya jani la kiazi kutoka namba ya mkulima wa Isongole. Programu ikafa. "Na wewe nawe, nini tena?" nikaifokea. Kusoma ripoti: mwito umekataliwa, kufungua faili jingine. Jani la kiazi lina shida gani na mafaili yangu? Nikaichambua ile picha taratibu, nikakuta ndani yake maagizo ya kufunga kila kitu kwenye kompyuta kwa ufunguo nisioujua. Namba ya yule mkulima ilikuwa imetekwa, mwenyewe maskini hana habari. Sauti ya mzee wetu ilikuwa iende hivi hivi.

Nikainakili kwenye simu yangu, na jioni nikaipeleka Lupepo. Nikamshukuru mama mkwe, nikamwambia maneno yake ndiyo yameiokoa.

"Maneno gani tena?" Hakumbuki hata kidogo! Namshukuru huyu mama kuliko ninavyoweza kusema, na yeye anahangaika na kuni zake. "Weka tusikilize," akasema.

Kinyakyusa changu ni cha sokoni. Niliambulia ng'ombe, mvua, wajukuu. Karibu na mwisho mama akanishika mkono, akaanza kunitafsiria. "Anasema, yule mtoto wa Morogoro aliniamkia njiani, nami sikuweza kumjibu. Nikishaondoka, mwambieni."

Hapo akaacha kutafsiri, maana lililofuata mzee alilisema mwenyewe, kwa Kiswahili.

"Marahaba, mwanangu."