Msimamizi wa Harusi Yetu na Oili ya Mwaka Mzima

Mhariri, nakuomba jina langu ulifiche. Majina mengine nimeyabadilisha mwenyewe. Mimi ni mjane wa miaka arobaini na miwili, nina watoto watatu, naishi Kimbo hapa Ruiru. Marehemu mume wangu aliniachia mashine ya kusaga mahindi inayoendeshwa kwa injini ya dizeli. Mashine hiyo ndiyo shamba langu na ndiyo mshahara wangu.

Mume wangu alikuwa na desturi moja. Kila mwisho wa mwezi alimwaga oili ya injini na kutia mpya, hata kama ile ya zamani bado inafaa. Ile chafu hakuitupa. Majirani walikuja na mikebe kuichukua, maana huku kwetu nguzo isiyopakwa oili chafu ni chakula cha mchwa. Alipofariki niliendelea vivyo hivyo.

Sasa kuna mtu nitamwita Baba Ciku. Yeye na mkewe ndio waliotusimamia kanisani siku ya harusi yetu. Ana duka la vipuri Thika mjini. Siku ya mazishi alisimama kando ya kaburi akasema, "Huyu mama hawezi kuumia na mimi niko hai." Watu walilia. Mimi pia nililia, mjinga mimi.

Mwaka jana alikuja kwangu na oili mpya, eti imetengenezwa na wataalamu kiwandani, haitoki ardhini kama hizi zetu, na ndani imetiwa dawa. Ukishaiweka huibadilishi mwaka mzima. Nilifungua mkebe nikachovya kijiti mpaka chini. Kikatoka na unga mweupe.

"Shemeji, hii unga ni ya nini?"

"Hiyo ndio dawa yenyewe. Inapaka chuma huko ndani, kama zile sufuria hazishikangi chakula."

"Na mbona imekaa chini? Kama imelala kwa mkebe, kwa injini italala wapi?"

Alicheka mpaka akashika tumbo. "Haiya! Mama Kamau, wewe uko na maswali kama polisi. Mimi mwenyewe nimeweka kwa pikapu yangu, na sijaguza nati ya kumwaga oili tena. Kwani naweza kukuletea kitu mbaya, wewe?"

Mimi ni mtu wa unga, wasomaji. Najua unga ukiingia mahali si pake huziba. Lakini ningembishia vipi mtu aliyeahidi mbele ya kaburi la mume wangu? Nikaiweka.

Miezi ikapita. Injini ikaanza kukohoa, kisha ikatoa moshi. Nikampigia simu dukani kwake. "Inajisafisha hiyo, wachana nayo," akasema. Asubuhi moja, akina mama wakiwa kwenye foleni na mahindi yao, injini ilitoa mlio mmoja mbaya ikakwama. Fundi alipoifungua tulikuta njia za oili zimezibwa na tope jeupe, zito kama uji uliolala, na vyuma vimelana. Wateja wangu walibeba madebe yao wakaenda kusaga kwingine. Baba Ciku alikuja akatazama, akasema nilitumia dizeli chafu. Na mimi niliyeona lile tope kwa macho yangu bado nilijilaumu. Ukimpenda mtu unamtafutia sababu.

Kwa kuwa mwaka huo sikumwaga oili, sikuwa na ya kupaka nguzo. Mchwa wakala nguzo za banda la kuku mpaka likainama, na kuku ndio walikuwa wamebaki kutulisha. Nikaenda Thika nyumbani kwa Baba Ciku kumwomba mkewe, Mama Ciku, oili chafu kidogo, nikidhani ya wateja wa dukani haikosi. Tulikunywa chai, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Mitungi ya oili nyeusi ilikuwa imejaa pale ukutani.

"Beba yenye unataka, mama. Imenijaa hapa. Huyu mzee humwaga ya pikapu kila mwezi."

"Pikapu gani?"

"Si hii yake tu."

"Na ile oili ya mwaka mzima?"

Alicheka, hana hila hata kidogo. "Ile? Ile ni ya kuuza. Kwake anaogopa kuweka. Anasema ati wacha kwanza aone kwa watu itafanya nini."

Watu wenyewe ni mimi. Nikaketi juu ya mtungi. Niliumia kuliko siku injini ilipokufa. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilivaa suti siku ya harusi yangu. Mama Ciku akaniuliza kama ni presha. Nikamwambia ni jua.

Sasa sikieni. Jumapili ya mwisho wa mwezi ujao Baba Ciku anakuja kanisani kwetu kuwauzia oili hiyo wenye mashine na wenye pikapu za maziwa. Amenitumia ujumbe nisimame nishuhudie kwamba ni nzuri, kwamba yangu iliharibiwa na dizeli. "Wewe watakuamini," amesema. Miongoni mwa watakaokaa pale kuna wajane wenzangu.

Natamani kusimama niseme yote. Nikitaja lile tope peke yake atasema ni dizeli; cha kumfunga mdomo ni kwamba yeye mwenyewe haiweki kwa pikapu yake. Lakini ataniuliza nilijuaje, na aliyeniambia anaweza kuwa mtu mmoja tu. Huyo mama alilala sakafuni kwangu siku zote za matanga, akiniamsha ninywe uji. Nimewahi kumwona kanisani na miwani myeusi siku ya mawingu, na sikuuliza, maana sote tunamjua mumewe akikasirika.

Mtungi alionipa uko nyuma ya mlango wangu, nguzo bado sijapaka. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Nikinyamaza, mashine za wenzangu zitakufa kama yangu. Nikiubeba ule mtungi hadi mbele ya kanisa, Baba Ciku ataaibika, lakini jioni hiyo atakayepigwa si mimi.